Podikasti ni anwani: namna ya kuitafuta, kuipakua na kuisikiliza bila kumaliza bando

Ukimwuliza mtu podikasti fulani ipo wapi, mmoja atakwambia ipo Spotify, wa pili atasema YouTube, wa tatu atakutumia kiungo cha Apple. Kila mmoja anataja dirisha alilochungulia yeye. Chumba chenyewe kipo kwingine. Podikasti kwa asili yake ni mafaili ya sauti yaliyowekwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia watu mtandaoni, pamoja na faili moja la maandishi linaloyaorodhesha. Faili hilo la orodha lina anwani yake mtandaoni, kama ilivyo kwa ukurasa wowote. Ukiijua anwani hiyo unasikiliza kwa programu unayoitaka, kwenye simu yoyote, bila kujisajili popote na, kwa vipindi vilivyo wazi kwa wote, bila kulipa kitu zaidi ya bando. Usipoijua, unabaki mgeni wa kampuni iliyokufungulia dirisha. Ikilifunga, kipindi nacho kimekupotea.

Humu orodha hiyo tutaiita mlisho, podikasti nzima tutaiita kipindi, na kila faili la sauti ndani yake toleo.

Mlisho ulivyo ndani

Mwaka 2000 Dave Winer, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliongeza kipengele kimoja katika RSS, mfumo ambao hadi hapo ulisambaza vichwa vya habari na maandishi ya tovuti. Kwa kipengele hicho habari iliweza kubeba kiungo cha faili la sauti. Jina lilichelewa. Februari 2004 mwandishi Ben Hammersley, akieleza aina hiyo mpya ya redio katika gazeti la Uingereza The Guardian, alipendekeza neno "podcasting", kwa kuunga jina la kifaa cha muziki iPod na neno la Kiingereza la kurusha matangazo. Juni 2005 Apple iliingiza podikasti ndani ya iTunes 4.9, na orodha yake ikageuka kuwa kitabu cha simu ambacho programu nyingi za kampuni nyingine hukipekua hadi leo. Kiini chenyewe hakijabadilika tangu wakati huo.

Fungua mlisho wowote kwa kivinjari na utakutana na msitu wa alama. Mstari ulio muhimu ni wa namna hii, nao hurudiwa kwa kila toleo:

`<enclosure url="https://mfano.example/toleo-12.mp3" length="28800000" type="audio/mpeg"/>`

Kwanza kuna anwani ya sauti. Inakili, ibandike kwenye kivinjari, na sauti itacheza bila programu ya podikasti kuwapo. Kisha kuna ukubwa wa faili kwa baiti: 28,800,000 ni MB 28.8. Mwisho ni aina ya faili. Maneno audio/mpeg yanamaanisha MP3. Ukikuta audio/mp4 au audio/x-m4a, hiyo ni M4A. Simu janja haina shida nayo, ila redio nyingi za flashi zitaikataa, na tutalirudia jambo hilo mbele.

Jirani na mstari huo kuna kitambulisho cha toleo, yaani mfululizo wa herufi na namba usiotakiwa kubadilika kamwe. Programu yako hukitumia kujua kwamba toleo hili umeshalisikiliza na lile bado. Wenye kipindi wanapohamia seva nyingine na kubadili vitambulisho, unaamka asubuhi unakuta matoleo 200 "mapya" uliyoyamaliza mwaka jana. Simu yako ni nzima. Yachague yote, yawekee alama kwamba yameshasikilizwa, na usonge mbele. Kama umeruhusu upakuaji wa kujiendesha, uzime kwanza kabla ya kufanya lolote, la sivyo simu itaanza kuyashusha yote tena kwa bando lako.

Mlisho pia haulazimiki kuonyesha kila kitu. Wenye kipindi ndio huamua yaonekane matoleo 10, 100 au yote tangu la kwanza. Vituo vingi vya habari huacha machache tu, kwa sababu habari za mwezi jana hazitafutwi sana. Kwa hiyo toleo unalotaka kulitunza, mahojiano kwa mfano, lipakue wiki hiyohiyo. Kuliona kwenye orodha leo si dhamana ya kulikuta mwezi ujao.

Programu zilivyotofautiana

Kuna programu zinazopokea mlisho wowote utakaozipa: AntennaPod na Podcast Addict kwa Android, Overcast kwa iPhone, Pocket Casts kwa zote mbili, na Apple Podcasts yenyewe. Kuna pia majukwaa yanayoonyesha kile tu kilichosajiliwa kwao, na hapa Spotify ndiyo kubwa. Spotify ilifika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi Februari 2021, na Kongo ya Kinshasa Novemba mwaka huohuo. Ni nzuri kwa kugundua vipindi, na hata asiyelipia anaweza kupakua podikasti. Lakini huwezi kuipa anwani ya mlisho na kuiambia "nisomee hii". Vilevile matoleo uliyoyapakua ndani yake si mafaili unayoweza kuyahamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, na hudai uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, ama sivyo yanaondolewa. Mtu anayekwenda shamba au baharini kwa miezi miwili alijue hilo mapema.

YouTube ni jambo jingine kabisa. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa wa mahojiano marefu, wanaweka kazi yao huko na huita podikasti. Hakuna ubaya, ila ni video: bila kulipia, programu ya kawaida ya YouTube hunyamaza ukizima kioo, kioo kinakula betri, na video ya ubora wa 360p hula mamia ya MB kwa saa. Kabla ya kukubali gharama hiyo, tafuta jina la kipindi hichohicho kwenye programu ya podikasti. Mara nyingi wenyewe wameweka pia sauti tupu, wamesahau tu kuitangaza.

Nini hutokea dirisha likifungwa? Google Podcasts ilianza 2018 na ikazimwa 2024, Marekani mwezi Aprili na kwingine Juni. Ilikuwa kwenye simu nyingi sana za Android na watu waliizoea. Waliohamisha orodha yao ya milisho kabla ya mwisho walifungua programu nyingine wakaendelea. Waliochelewa walianza kukumbuka majina ya vipindi kimoja kimoja. Vipindi vyenyewe havikufutika hata kimoja, kwa sababu havikuwa vimewekwa Google.

Tofauti nyingine haionekani kwa macho lakini inagusa mfuko. Pocket Casts na Overcast zina seva zao zinazozunguka kukagua milisho, kisha zinaiambia simu yako "kuna jipya hapa". Kwa AntennaPod, simu yenyewe ndiyo inayobisha hodi kwenye kila mlisho. Faida yake ni kubwa: huna akaunti, hakuna kampuni inayojua unachosikiliza, na programu ni ya bure isiyo na matangazo. Hasara ni kwamba kila kubisha hodi kunatumia data. Seva iliyopangwa vizuri hujibu "hakuna jipya" kwa baiti chache, lakini nyingine humwaga mlisho mzima kila inapoulizwa, na mlisho wa kipindi chenye mamia ya matoleo unaweza kuzidi MB 1. Chukua vipindi 20 vyenye milisho ya nusu MB, simu ikague kila saa, na seva zote ziwe za aina ya pili: ni MB 240 kwa siku kabla hujasikia hata salamu ya mtangazaji. Badili ukaguzi uwe mara moja kwa siku, inabaki MB 10.

Kutafuta kwa Kiswahili

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na kosa ni la neno wanaloandika. Ukiandika "Swahili" kwenye kisanduku cha kutafutia, kurasa za mwanzo hujaa masomo ya wageni wanaojifunza lugha yetu: hesabu moja hadi kumi, namna ya kuagiza chai. Programu nyingi hulinganisha neno lako na jina la kipindi na la mwenye kipindi, wala hazisikilizi kilichomo. Basi andika neno ambalo Mswahili angelitumia katika jina la kipindi chake: simulizi, hadithi, mawaidha, mahubiri, kilimo, afya, uchumi, soka, mahojiano, maskani, baraza. Andika "Kiswahili" badala ya "Swahili". Jaribu pia "podcast ya" na "stori za", kwa sababu ndivyo vijana wanavyovipa vipindi majina. Usitegemee kichujio cha lugha: kila mlisho una sehemu ya kutaja lugha, ambapo Kiswahili ni herufi sw, lakini wengi huacha en iliyokuja na huduma walikojisajili, na kipindi cha Kiswahili sanifu kabisa kinahesabiwa kuwa cha Kiingereza.

Idhaa za kimataifa ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu milisho yao haifi ovyo. RFI Kiswahili ina vipindi vinavyojitegemea kama Jukwaa la Michezo, Gurudumu la Uchumi na Siha Njema, kila kimoja na mlisho wake. DW Kiswahili, Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa na SBS Swahili ya Australia nazo hutoa sauti kwa mtindo huu. Hiyo ya Australia inawafaa hasa ndugu waliohamia huko, wengi wakiwa wametokea Kongo na Burundi, maana inaeleza mambo ya makazi, shule na hospitali za huko kwa Kiswahili.

Orodha nazo zinatofautiana. Ya Apple ni kubwa na ina usimamizi. Podcast Index, iliyoanzishwa 2020 na Adam Curry pamoja na Dave Jones, iko wazi kwa kila mtengenezaji wa programu na hupokea hata vipindi vidogo ambavyo havikuwahi kupelekwa Apple. AntennaPod inakuruhusu kuchagua utafute kwenye orodha ipi. Ukikosa katika moja, rudia katika nyingine kabla ya kusema hakuna.

Ukipata majina mawili yanayofanana, usibonyeze la kwanza. Wapo wanaorekodi kipindi cha redio cha wengine na kukipandisha kama chao ili wavune matangazo. Angalia jina la mwenye kipindi, tarehe ya toleo la mwisho, na kama kuna kiungo kinachokwenda kwenye tovuti ya kituo chenyewe. Nakala hizo huwa zinakatika ghafla siku zikiripotiwa.

Sasa, namna ya kuipata anwani yenyewe. Tovuti za vituo huwa na alama ya RSS, yenye nukta moja na mawimbi mawili ya rangi ya machungwa. Ishikilie kwa kidole na unakili kiungo. Pasipo na alama hiyo, kuna njia inayofanya kazi karibu kila mara kwa kipindi kilichopo Apple. Fungua ukurasa wa kipindi kwenye tovuti ya Apple Podcasts na utazame anwani yake: mwishoni kuna herufi id zikifuatwa na namba ndefu. Chukua namba hiyo peke yake, kisha andika kwenye kivinjari `itunes.apple.com/lookup?id=` na uiunganishe hapohapo bila nafasi. Vivinjari vingi vitakupakulia faili la maandishi. Lifungue, utafute neno feedUrl. Kinachofuata ndani ya alama za kunukuu ni mlisho. Kama neno hilo halipo, huenda kipindi hakina mlisho ulio wazi kwa umma, na hapo ndipo programu nyingine zisipokifikia.

Ukishaipata, kwenye AntennaPod nenda mahali pa kuongeza podikasti, chagua kuongeza kwa anwani ya RSS, bandika. Kwenye Apple Podcasts ingia maktaba, bonyeza nukta tatu juu, chagua kufuata kipindi kwa anwani.

Hesabu ya bando

Sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Chukua namba hiyo, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Mazungumzo yaliyobanwa kwa kilobiti 64 ni MB 28.8 kwa saa. Kwa 96 ni MB 43.2, kwa 128 ni MB 57.6, na kipindi chenye muziki mwingi kwa 192 ni MB 86.4. Hivyo GB 1 inakupa kama saa 34 za mazungumzo ya kilobiti 64, au saa 17 za kilobiti 128. Mtu wa kawaida kwenye spika ya simu hatagundua tofauti ya hizo mbili.

Namba hizo ni za kupakua mara moja. Kusikiliza moja kwa moja mtandaoni hula zaidi katika maisha halisi: ukirudisha nyuma, programu nyingine huvuta upya kipande kilekile, mtandao ukikatika na kurudi, huanza tena, ukisinzia, sauti inaendelea na bando linayeyuka. Pakua kwanza, usikilize baadaye. Ndivyo podikasti ilivyoundwa tangu mwanzo, enzi ambazo kifaa kilijazwa nyumbani na kusikilizwa njiani.

Katika mipangilio ya AntennaPod kuna mahali pa kuchagua nini kiruhusiwe kwenye data ya simu: kukagua milisho, kupakua matoleo, kupakua kwa kujiendesha, kusikiliza moja kwa moja, hata picha za majalada. Ruhusu ukaguzi peke yake, mengine yabaki kwa Wi-Fi. Weka ukaguzi kila saa 24. Upakuaji wa kujiendesha uwashe kwa vipindi viwili vitatu unavyovisikiliza kweli, na uweke kikomo cha matoleo yanayotunzwa, tuseme 10. Washa ufutaji wa toleo lililokwisha. Bila kikomo na ufutaji, simu ya GB 32 hujaa kimyakimya, na siku moja WhatsApp inagoma kupokea picha, ukidhani ni WhatsApp.

Kuna mtego mmoja humo. Simu huhesabu hotspot ya jirani au kifaa cha mifi kuwa ni Wi-Fi, na wakati mwingine haitambui kwamba nyuma yake kuna bando la mtu. Usiku itashusha matoleo 10 kwa raha zake, na asubuhi mwenye hotspot anauliza nani amemmalizia. Fungua mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi kwenye Android na uuweke kuwa wenye kupimwa. Programu zinazoheshimu mpangilio huo zitautendea kama data ya simu.

Rafiki aliye karibu hana haja ya kupakua tena. AntennaPod inaweza kushiriki faili la sauti lenyewe, si kiungo tu, kwa Bluetooth au njia nyingine isiyokula bando. Kwa WhatsApp litume kama hati, kwani hati hukubaliwa hadi GB 2.

Kusikiliza kwenyewe

Mwendo wa 1.25 hufaa taarifa ya habari, na 1.5 huifanya saa kuwa dakika 40. Mwendo haupunguzi MB hata moja, kwa hiyo usiuongeze kwa kubana bando. Kuruka ukimya ni kifaa kizuri kwa mazungumzo ya watu wanaojiumauma, lakini kizime kwa mashairi, tenzi, kisomo cha Kurani na simulizi. Pale kituo cha pumzi ni sehemu ya kazi, na kukikata ni kumharibia msomaji.

Ukitumia sikio moja, au spika moja ya sikioni imekufa, unaweza kumsikia mwulizaji bila mjibuji, kwa sababu baadhi ya vipindi humweka kila msemaji upande wake. Ingia kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu na uwashe sauti ya mono. Pande zote mbili zitaunganishwa.

Kuhamishia kwenye flashi, kadi na kitochi

Msikilizaji mkubwa wa sauti kwetu bado ni yule mwenye redio ndogo yenye tundu la flashi, sabufa sebuleni, au kitochi chenye kadi ya kumbukumbu. Podikasti inamfikia vizuri, mradi mambo machache yazingatiwe. Faili liwe MP3. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Ikiwa exFAT au NTFS, redio nyingi zitaonyesha kama haina kitu. Majina ya mafaili yawe mafupi yenye herufi za kawaida na namba. Kadi ya GB 16 hubeba zaidi ya saa 500 za mazungumzo ya kilobiti 64, basi nafasi si tatizo.

Tatizo ni mpangilio. Unaandika 01, 02, 03 kwa uangalifu, na redio inaanza na 07. Sababu ni kwamba redio nyingi za bei nafuu hazisomi majina. Huyacheza mafaili kwa mfuatano yalivyoandikwa kwenye flashi wakati wa kunakili. Kompyuta ukiipa mafaili 20 kwa mkupuo, inaweza kuyaandika kwa mfuatano wake yenyewe. Dawa ni kufomati flashi upya, kisha kunakili faili moja moja, la kwanza likiisha ndipo la pili. Inachosha, lakini kwa simulizi ya sehemu 20 hakuna njia ya mkato ya kutegemewa. Ukifuta moja na kuongeza jingine baadaye, jipya linaweza kukaa katika nafasi iliyoachwa wazi, na mfuatano unavurugika tena.

Redio hizo pia huwa hazikumbuki ulipoishia ndani ya faili la saa mbili, na kusogeza mbele ni kubonyeza kitufe hadi kidole kiume. Toleo refu ni bora likatwe kwenye kompyuta kuwa vipande vya dakika 15 kabla ya kunakiliwa. Programu ya bure Audacity hufanya hivyo.

Mambo yanapoharibika

Toleo jipya halionekani, na wenzako wamelisikiliza tangu asubuhi. Vuta orodha chini kwa kidole ili ukague kwa mkono. Likitokea, kosa ni la simu kuiua programu nyuma ya pazia ili kutunza betri, jambo la kawaida kwa simu nyingi za Android. Ingia mipangilio ya betri ya programu hiyo na uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Mpangilio huohuo hutibu sauti inayokata yenyewe dakika chache baada ya kioo kuzima. Lisipotokea hata kwa kukagua kwa mkono, fungua mlisho kwa kivinjari: kama toleo halimo humo, subiri, wenye kipindi bado hawajaliweka.

Upakuaji unagoma na namba 404 inaonekana. Maana yake faili halipo tena kwenye anwani hiyo. Kagua mlisho upya kwanza, huenda anwani imebadilishwa; ikibaki vilevile, toleo limeondolewa.

Upakuaji unagoma kwa vipindi fulani tu, vingine vinashuka. Je, umewasha DNS ya faragha (mpangilio wa simu unaoweza kuzuia baadhi ya tovuti) au kizuia matangazo? Wenye vipindi wengi hupitisha kiungo cha sauti kwenye seva ya kuhesabu wasikilizaji kabla hakijafika kwenye faili. Kizuia matangazo kinaifunga seva ile ya kati, na njia nzima inakatika. Zima kwa muda, pakua, washa tena.

Ujumbe unataja cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ni halali) au usalama wa muunganisho. Tazama tarehe ya simu kabla ya kitu kingine, maana simu iliyozimika betri na kurudi mwaka 2015 itakataa vyeti vyote. Tarehe ikiwa sahihi na simu ni ya Android ya chini ya 7.1.1, sababu ni kubwa zaidi: simu hizo haziutambui mzizi mpya wa vyeti vya Let's Encrypt (huduma inayovitoa bila malipo), ambavyo tovuti nyingi mno hutumia, na daraja lililokuwa limewekwa kwa ajili yao lilifikia mwisho Septemba 2024. Kivinjari cha Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, kwa hiyo faili linaweza kupakuliwa humo kwa anwani yake na kusikilizwa kwa kicheza muziki cha simu.

Toleo linakatika katikati ya sentensi, au kipande kinarudiwa. Huduma nyingi siku hizi huchomeka matangazo kwenye faili wakati ule unapopakua, tofauti kwa kila nchi. Mtandao ukikatika na programu ikaendelea pale ilipoishia, nusu ya pili inatoka katika faili lenye matangazo mengine na urefu mwingine, na viungio havilingani. Futa, pakua upya kwa mkupuo mmoja. Kwa sababu hiyohiyo "sikiliza dakika ya 23" ya mwenzako aliye Toronto inaweza kuwa dakika ya 21 kwako Mwanza.

Kuitunza orodha

Programu nyingi zinazopokea milisho huweza kutoa orodha yako yote kama faili la OPML. Kwenye AntennaPod ipo chini ya kuingiza na kutoa data, na jirani yake kuna nakala ya hifadhidata, ambayo huongeza kumbukumbu ya ulichosikiliza na ulipoishia. OPML husomwa na programu nyingi za podikasti. Hifadhidata ni ya AntennaPod peke yake. Toa zote mbili kila unapoongeza vipindi kadhaa, na uzitume nje ya simu, kwa barua pepe yako mwenyewe kwa mfano, kwa kuwa nakala iliyobaki ndani ya simu huibiwa pamoja na simu. Orodha ya vipindi 50 huwa KB chache tu.

Ukiifungua kama maandishi utaona kila kipindi katika mstari wake, na baada ya neno xmlUrl, anwani ya mlisho. Kabla ya kumpa mtu mwingine faili hilo, pitia mistari hiyo. Kipindi unachokilipia kila mwezi huwa na mlisho uliotengenezwa kwa ajili yako peke yako, wenye mfululizo mrefu wa herufi mwishoni mwa anwani. Mfululizo huo ndio ufunguo wako; ufute mstari wake katika nakala unayoitoa, kwani wenye kipindi wakiona anwani moja inafunguliwa na watu wengi, wanaweza kuifunga.